Kodi ya Noti za Kipajini

Kama ukurasa wa gazeti la juma lililopita muuza njugu amekwisha kuufungia biashara yake, usihangaike kumfuata. Nitakukumbusha kwa maneno machache, kisha turudi kwenye mateso ya watu.

Sadrack Kalumba, mkazi wa Manika hapa Kolwezi, hana bosi wala mshahara. Anaishi kwa mdomo wake. Harusi, ubatizo, kumaliza kilio, popote penye viti vya plastiki na maspika, yeye ndiye anayeshika mikro na kuendesha sherehe. Mwaka jana kampuni moja ya mgodi ilimwambia itampa sherehe yake ya kufunga mwaka, ila kwanza ajiandikishe ofisi ya kodi, maana haimlipi mtu asiye na namba. Sadrack akapanga foleni, akapata namba. Sherehe ikafutwa. Namba haikufutwa.

Mwaka huu ofisi ikamwita. Wakamweleza kwamba mtu anayejifanyia kazi mwenyewe hangoji mwaka uishe ndipo alipe. Analipa mbele, nusu sasa na nusu baadaye, kwa kukadiria atakachopata. Wenyewe wanaita acompte. Na kwa kuwa Sadrack hana hesabu zozote za kuonyesha, maana nani aliwahi kumwandikia risiti mtu aliyemsifu, ofisi ikamkadiria kwa macho yake yenyewe.

Macho hayo yalikuwa ya Mama Tshiela, mkaguzi. Alikuwa amealikwa upande wa bibi harusi siku Tata Barnabé, mnunuzi wa mawe ya mgodi, alipomwozesha mdogo wake, na kwa simu yake alirekodi noti za dola za Barnabé zikimiminika juu ya kipaji cha uso wa Sadrack. Kutokana na picha hiyo ofisi ikamkadiria kodi asiyoweza kuilipa hata akisherehesha kila Jumamosi mpaka azeeke. Nusu ya kwanza isipofika Ijumaa, vyombo vyake vitafungwa kwa lakiri: maspika, mashine ya kuchanganyia sauti, jenereta. Bila vyombo hivyo Sadrack ni mtu wa kawaida mwenye sauti nzito.

Tulimwacha mbele ya meza ya Mama Tshiela, ameulizwa swali moja.

"Kama ile feza haikukuwa yako, Tata Sadrack, ilikuwa ya nani?"

Sadrack akafungua kinywa. Kilitoka kikohozi tu.

Si kwamba hakulijua jibu. Kila mwendesha sherehe wa mji huu analijua, na leo mtalijua na ninyi, na wale watakaokasirika wanisamehe, maana haya ni maungamo ya Sadrack mwenyewe na mimi ni kalamu tu. Noti zile ni za kuonyesha. Bosi anainuka na bunda lake, anazibandika moja moja kipajini pa anayelitaja jina lake, simu zote zinageuka kumpiga picha, wakwe wanashika midomo. Sherehe ikiisha, dereva wa bosi anakuja nyuma ya ukumbi na mfuko, na noti zinarudi zilikotoka. Mshereheshaji anabaki na ujira waliopatana, na nauli ya pikipiki kama bosi ameshiba vizuri.

Sheria hiyo hakuna aliyeiandika. Lakini anayeitangaza hataitwa tena hata kwenye ubatizo, kwa sababu hakuna anayemkodi mtu wa kumvua nguo mbele za wakwe zake. Kwa hiyo kusema ni kupoteza kazi, na kunyamaza ni kupoteza vyombo vya kazi. Sadrack alipima, akaona pande zote mbili za mizani zinamwangukia yeye.

Akaomba apewe mpaka Ijumaa. Mama Tshiela akakubali kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini. Mkaguzi anayetaka kitu kidogo unamjua. Anafunga mlango, anauliza habari za watoto, na wewe unajua mkono uingie mfuko upi. Huyu alimpa kiti, akampa maji, akamweleza sheria polepole mpaka akaielewa. Mtu mbaya unaweza kumlaani njia nzima hadi nyumbani. Huyu hata laana hakumwachia.

Nyumbani, mkewe Mignonne alimsikiliza huku anasonga bukari. Mignonne si mwanamke wa maneno mengi. Mumewe anayo ya kuwatosha wote wawili. Alisema mwenye noti yupo, anaitwa Barnabé, ana miguu na ana ulimi, basi aende ofisini akaseme kwamba zilirudi kwake. Sadrack akajibu kwamba hilo ni wazo la mtu asiyewajua wenye fedha.

"Enda umuone pembeni," Mignonne akasema. "Hapana mbele ya bantu. Muntu akiwa yeye peke, anakuwaka muntu."

Akaongeza, mwiko ukiwa bado unazunguka sufuriani, kwamba jina la Samy lisitajwe. Samy ni mdogo wake Mignonne, na ndiye dereva wa Barnabé, ndiye mwenye ule mfuko wa nyuma ya ukumbi. Kazi hiyo Sadrack mwenyewe alimwombea. Alimsifu Barnabé jioni moja mpaka akamfikia babu yake mzaa babu, na asubuhi yake Samy akakabidhiwa ufunguo wa gari. Sadrack aliona mkewe ana haki. Kazi ya shemeji ni sahani ya familia, na hakuna mtu wa akili anayepiga teke sahani.

Asubuhi akaenda.

Barnabé hununua mawe ya wachimbaji na kuyauza kwa wakubwa kuliko yeye. Ghala lake liko kwenye barabara ya kuelekea Tenke, na siku hiyo lilikuwa limejaa vijana wenye magunia, kila mmoja akiituhumu mizani. Sadrack alisimama juani mpaka alipoonekana. Akaomba dakika moja ya pembeni. Wakaenda nyuma ya rundo la magunia, mahali ambapo gari lilikuwa limeegeshwa na Samy alikuwa akilifuta.

Sadrack aliyasema yote kwa unyenyekevu, macho chini, kama mtu anayeomba binti wa watu. Hakulalamika. Hakusema zile noti ni maigizo. Alisema tu kwamba ofisi ya kodi inafikiri zilibaki kwake, na kwamba neno moja la PDG, kama bosi huyo anavyopenda kuitwa, lingemwokoa.

"Zote zilirudia kwako, PDG. Weye njo unajua."

Barnabé akamsogelea. "Zote?"

"Zote."

Basi Barnabé akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu aliyehadithiwa jambo jipya kabisa juu ya nyumba yake mwenyewe. Alipomaliza akageuka kumtazama Samy, ambaye alikuwa bado anasugua kioo kilichokwisha kung'aa zamani.

"Ijumaa nitakuya mi mwenyewe ku ofisi," Barnabé akasema. "Nitasema yenye iko ya kusema."

Sadrack alirudi kwa miguu, njia nzima anaimba. Vumbi la malori lilimpaka wekundu mpaka kwenye nyusi, naye hakujali. Alimnunulia binti yake Princesse soda, akamwambia Mignonne kwamba mambo yamekwisha, na kwamba wenye fedha nao wana mioyo, tatizo letu ni kutowaendea kwa adabu. Mignonne hakushangilia. Aliuliza jambo moja tu, kama Samy alikuwa karibu wakati wa mazungumzo. Sadrack akasema ndiyo, na kwamba yeye aliusifu sana usafi wa gari. Mignonne akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Ijumaa ikafika, na mkosi wa Sadrack ukaamka mapema kuliko yeye.

Ofisi ya Mama Tshiela ilikuwa inapakwa rangi. Meza yake ilikuwa imetolewa na kuwekwa ukumbini, mbele ya foleni nzima ya wenye namba: fundi simu, kinyozi, muuza mawese, mama wa Sandoa anayeleta mihogo kwa lori, na wengine wengi wa aina hiyo. Watu wote wanaojitafutia, kila mmoja amekuja kubashiri mwaka wake na kuulipia kabla haujafika. Sadrack aliitazama meza ile mahali ilipo. Mkewe alikuwa amesema pembeni, na hapa pembeni hapakuwapo.

Barnabé akaingia na suti nyeupe. Marashi yake yalitangulia. Nusu ya foleni walikuwa wakimwuzia au wakimnunulia, na nusu nyingine walitamani, kwa hiyo walimpisha bila kuombwa. Alipewa kiti ambacho mzee mmoja alikuwa amekikalia.

Mama Tshiela alimshukuru kwa kuja. Akawasha simu yake, akaigeuza ili aione. Hata kutoka mahali alipokuwa amesimama, Sadrack aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya ile simu, ikimsifu Barnabé.

"Tata Barnabé, hizi feza ziko mu video, zilirudia kwako ao zilibakia kwa Tata Sadrack?"

Fundi simu akainua kichwa. Mama wa mihogo akasogea hatua moja mbele ili asikose.

Mimi simlaumu Barnabé kwa yote, jamani. Niambieni ni nani kati yetu, akiwa amevaa nyeupe, mbele ya watu wanaomwogopa, angejibu kwamba yeye hutoa kwa mkono wa kulia na kurudisha kwa mkono wa dereva. Uso umeumbwa na haya. Lakini kunyamaza angeweza. Hakunyamaza.

"Mama, unaniona mi niko muntu wa kupana na kukamata tena?" akasema, akiitazama foleni na si Mama Tshiela. "Kitu yenye ilitoka mu mukono ya Barnabé ilitoka."

Foleni ikacheka kwa heshima. Kicheko hicho kikamlewesha. Akasema Mama asiishie kwenye harusi hiyo moja. Aandike na ile sikukuu ya Dilolo, alipofungua ghala la mpakani, ambako alimtuza Sadrack mpaka watu wa ng'ambo ya Angola wakaja kuchungulia. Aandike na Krismasi ya Tenke. Aandike na ubatizo wa mapacha.

"Andika yote, Mama. Mi sifichake kitu."

Mama Tshiela aliandika. Kila mji uliotajwa ulipanda mgongoni kwa Sadrack, na Sadrack alisimama pale mikono imening'inia, anamtazama mtu aliyekuja kumwokoa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Sadrack, aliponisimulia, aliniomba nilipunguze. Nilikataa, naye akasema basi, liandike.

Barnabé alipomaliza akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, kama anavyofanya siku zote ukumbini kabla ya kuketi. Miaka yote hii mkono huo ukiinuka Sadrack hulitaja jina. Ndio ulaji wake. Mdomo haukumngoja mwenyewe.

"Barnabé, mulima yenye haihamake! Mwenye kupana pasipo kuhesabu!"

Aliitoa kwa sauti ile ile ya harusi, kutoka tumboni. Kuta za ofisi zilizokuwa hazijakauka rangi ziliitikia. Foleni ikapiga makofi, mama wa mihogo akapiga kigelegele, na kinyozi akaingiza mkono mfukoni kutafuta noti, kisha akakumbuka yuko wapi.

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wao waliuona ukikiponza kwa jirani au kwa mfalme. Mbele ya mkaguzi wa kodi hawakuwahi kuuona.

Mama Tshiela akaweka kalamu chini. Hakuwa na furaha, Sadrack aliniapia hivyo. Alikuwa na huzuni.

"Sasa, Tata Sadrack, na weye mwenyewe umesema."

Sadrack alitaka kumweleza kwamba ni mazoea, kwamba mdomo wake umefundishwa kuufuata mkono ule. Alitaka kulia, akaona aibu kwa ajili ya wale waliokuwa wamempigia makofi. Akatikisa kichwa tu, na hata kule kutikisa hakukueleweka kama ni ndiyo au hapana.

Barnabé alimkuta nje, karibu na ukuta. Kicheko kilikuwa kimeisha usoni. Alisema kwa sauti ya chini, meno karibu kufungwa.

"Mi haiko muntu mubaya, Sadrack. Miaka yote yenye unabakizaka nusu, nilikunyamazia. Nilisema, tumuache, eko na mutoto wa kusomesha. Sasa unaniita mu serikali, unasema zote zilirudia?"

"Nusu gani, PDG?"

Barnabé alimtazama jinsi unavyomtazama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi, anayeuliza kuku gani. Akapanda gari. Samy, nyuma ya usukani, alikuwa ametazama mbele, ijapokuwa mbele yake palikuwa na ukuta.

Ndani, Mama Tshiela alimwita tena Sadrack. Alisema makadirio lazima yapande, na kwamba watu wa lakiri watapita kwake leo hii, hana namna. Halafu akaangalia foleni, akashusha sauti. Yeye ni mtoto wa hapa, akasema, amekwenda harusi nyingi, anajua mambo yanavyokwenda nyuma ya ukumbi. Ila haandiki anachokijua. Anaandika kinachosemwa na mtu aliye tayari kutia sahihi.

"Kama kuko muntu mwengine mwenye alikamata ile feza na mikono yake, akuye aseme. Nitamungojea."

Ulikuwa mlango, na aliufungua mwenyewe bila kuombwa kitu. Sadrack alimshukuru mpaka akamchosha. Mtu mwenye mikono hiyo alimjua. Alikuwa amemwombea kazi.

Njiani lile neno nusu lilimfuata. Alilifukuza. Alijiambia kwamba Barnabé amekasirika, na mwenye hasira husema lolote. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, jinsi ya kumshawishi Samy. Atamwambia magari ni mengi Kolwezi, madereva wazuri ni wachache. Atamwambia atamtangaza bure katika kila harusi mpaka apate bosi mwingine. Alijua anamwomba kijana avunje sahani, yeye aliyekuwa ameapa kutoigusa. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliye majini hushika hata jani.

Gari la Barnabé lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yake. Hilo halikuwa ajabu, Samy hula kwa dada yake mchana akipata nafasi. Ajabu ilikuwa ndani. Bukari ilikuwa mezani haijaguswa, mboga ya sombe imeanza kupoa, Samy ameketi na mikono magotini, na Mignonne amesimama katikati ya mume anayeingia na ndugu aliyeketi.

Sadrack hakuliona hilo vizuri. Alianza kusema kabla hajavua viatu. Alieleza habari za Mama Tshiela, na mlango alioufungua, na sahihi moja tu ya mtu mmoja tu. Samy aende ofisini kabla haijafungwa, aseme kwamba ndiye aliyeshika mfuko, na kwamba kila mara alichukua zote. Samy aliposhindwa kumtazama, Sadrack akapiga magoti. Shemeji mkubwa kumpigia magoti shemeji mdogo ni jambo ambalo mtu angependa asilione, na Mignonne aligeuza uso.

"Siwezi," Samy akasema.

Sadrack akamwambia juu ya magari mengine na mabosi wengine.

"Haiko juu ya kazi, shemeji. Nikisema nilikamata zote kwako, PDG ataniuliza nusu iko wapi." Samy aliitazama bukari. "Mi minamuambiaka ni weye njo unaibakizaka."

Sadrack alibaki chini, goti moja limepinda vibaya. Akaona nyuma ya kila ukumbi, kila mfuko, na njia ile fupi kutoka hapo mpaka lango la Barnabé, ambako nusu ilidondoka kila mara na kuandikwa jina lake. Akaelewa kile kicheko nyuma ya magunia. Akaelewa kwa nini mtu mwenye suti nyeupe aliweza kutaja Dilolo na Tenke bila haya. Barnabé hakuwa amesema uongo wote. Alikuwa anaamini kwamba mtu aliyemwomba msaada ni mwizi wake wa miaka.

Hajawahi kumpiga mtu, Sadrack. Siku hiyo aliinuka akamshika Samy ukosi wa shati, na kiti kikaanguka. Akamwuliza alizipeleka wapi. Akamwuliza mara ya pili kwa sauti iliyofika barabarani. Alimwambia kwamba alimlea, alimtafutia kazi, alimpa jina mbele ya watu, na kwamba leo vyombo vyake vinakwenda kufungwa kwa ajili ya fedha ambazo mtoto huyu amezila peke yake.

Samy hakujitetea. Hakumtazama hata anayemkaba. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Muache," Mignonne akasema. "Samy hakukula hata noti moja. Alikuwa ananiletea mi."

Akaokota kiti, akakisimamisha, akakaa juu yake mwenyewe. Alisema polepole, bila kulia. Alimkumbusha jinsi anavyorudi kutoka harusini, koo limekauka na nauli ya pikipiki mkononi, na kesho yake anauliza nyama iko wapi. Alimkumbusha shule ya Princesse. Alimkumbusha mwenye nyumba, ambaye hajawahi kugonga mlango wao kwa hasira wakati majirani wote wanamkimbia. Alimkumbusha malaria ya mwaka jana, zile siku zote hospitalini, na suti mbili za kushereheshea ambazo alizikuta kitandani akaziita zawadi.

Sadrack alizikumbuka zote. Alikumbuka na jambo moja ambalo mkewe hakulitaja. Kwa rafiki zake alikuwa akijigamba kwamba ameoa mwanamke wa miujiza, unampa kidogo anakigeuza kingi.

Mkono wake ukalegea kwenye ukosi wa Samy.

"Mama wa kodi hakukosa, baba Princesse," Mignonne akasema. "Ile feza uliikula. Ulikuwa unaikula kila siku, ila hukujua."

Sadrack angeweza kumsamehe, na angeweza kumfukuza, na vyote viwili visingemlipia kodi. Mpaka dakika hiyo alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, kwamba anaonewa. Mkewe alikuwa ameondoka nacho bila hata kupandisha sauti, na Sadrack akamchukia kwa hilo kuliko kwa zile fedha, kisha akajichukia mwenyewe, kisha akachoka.

Gari lingine likasimama nje. Waliosikika kwanza ni watu wa lakiri, wakiulizana kama maspika yatapita mlangoni au dirishani. Halafu Princesse, aliyekuwa akicheza uani, akasikika akimwamkia mtu kwa adabu aliyofundishwa.

Alikuwa Mama Tshiela. Alikuwa ameona bora aje yeye mwenyewe, akasema, kuliko kumsumbua shahidi kwenda mjini na jua hili. Alikuwa na kalamu mkononi. Alivua viatu mlangoni ijapokuwa hakuna aliyemwambia avue, akaisalimu nyumba, akaiona bukari iliyopoa na akaomba radhi kwa kuwakatiza chakula.

Kisha akawatazama, mmoja baada ya mwingine, mume, mke na yule kijana ambaye shati lake lilikuwa limechanika ukosi.

"Nani kati yenu alikamata ile feza?" akauliza, kwa upole wake ule ule.

Wote watatu walikuwa wameishika.